Kabla Hujapaka Blichi, Soma Stori ya Hawa Warembo Wasio na Majina

Leo stori ni ndefu kidogo, kwa hiyo vuta kiti, chukua chai yako, tuongee.

Kuna shosti yangu mmoja, jina nalibana ila akisoma atajijua. Mwaka huu alinipigia simu saa nne usiku analia. Huyu dada alikuwa na nywele za asili zilizoshuka kupita mabega, amezilea miaka sita. Hakuna dawa, hakuna pasi, kila Jumapili mafuta ya nazi na mabutu. Send-off ya mdogo wake ikakaribia, akataka kichwa kiwake rangi ya dhahabu. Akaenda saluni fulani, akapakwa blichi kuanzia kwenye ngozi mpaka kwenye ncha kwa mkupuo mmoja. Walipoosha, shina lilikuwa njano kama ndizi mbivu, na kuanzia katikati kushuka chini ni rangi ya chungwa. Fundi akasema, "Usijali dada, tunarudia." Wakarudia siku hiyohiyo.

Siku kumi baadaye ndiyo simu ikaja. "Zimebaki kwenye taulo," aliniambia. "Nimeosha tu, zimebaki kwenye taulo."

Nilimpa pole, lakini usiku ule sikulala vizuri. Nikaanza kujiuliza, hivi huyu ni wa kwanza? Nikachimba historia. Jibu ni hapana, wala hayuko karibu na kuwa wa kwanza. Kuna mwanamke alilia hivihivi, nywele zake zikiwa mapajani, zaidi ya miaka 2000 iliyopita.

Dada wa Roma ambaye hakurogwa

Roma ya zamani ilikuwa na mshairi anaitwa Ovid, mtaalamu wa mambo ya mapenzi. Kwenye kitabu chake cha Amores kuna shairi zima analomsema mpenzi wake kuhusu nywele. Humo hamtaji jina. Anachotuambia ni kwamba dada alikuwa na nywele ndefu sana, laini kama hariri, na rangi yake ya asili ilikuwa tayari nzuri. Yeye hakuridhika. Akawa anazipaka madawa ya rangi, na juu ya hapo anazitesa kwa chuma cha moto ili zijikunje. Mshairi anasema alimkanya mapema aache. Hakuacha. Mwisho zikadondoka zote.

Sasa sikia kinachochekesha na kuumiza. Ovid anasisitiza kwamba dada hakurogwa na mke mwenza wala hakuugua. Dawa alijichanganyia mwenyewe kwa mkono wake. Na suluhisho? Wigi! Nywele za wanawake wa Kijerumani waliotekwa vitani zingeletwa Roma, azivae, na kila akisifiwa aone aibu kwa sababu sifa si zake.

Yaani rangi, pasi, kukatika, wigi. Miaka 2000 imepita na mpangilio ni uleule.

Na hao Warumi na Wagiriki walikuwa wanapaka vitu vizito. Mojawapo ya mapishi yao ya rangi nyeusi ilikuwa chokaa iliyochanganywa na madini ya risasi. Mwaka 2006 watafiti huko Ufaransa walijaribu mapishi hayo maabara, wakakuta kweli yanafanya kazi. Risasi inaingia ndani ya unywele, inaungana na salfa iliyomo, inatengeneza chembe ndogo sana nyeusi. Nywele zinakuwa nyeusi tii. Tatizo ni kwamba risasi ni sumu kwa mwili.

Hina, rangi inayoongeza bila kubomoa

Wakati Warumi wanahangaika na risasi, upande wetu wa dunia kulikuwa na majani. Hina. Ilitumika Misri ya kale, tena hata kwa wafalme. Mwili wa Firauni Ramses II, aliyefariki mwaka 1213 KK akiwa mzee wa karibu miaka 90, ulipelekwa Paris mwaka 1976 kufanyiwa uchunguzi, na nywele zake za mvi zilikuwa na rangi ya hina.

Ukikulia Zanzibar, Lamu, Mombasa au Tanga huhitaji kuelezwa hina ni nini. Umeiona kwenye mikono ya bibi harusi, na umewaona wazee wanaotoka msikitini wana ndevu za rangi ya kutu. Jani linatwangwa, linalowekwa, linapakwa, unasubiri.

Siri yake ni hii. Hina haifungui unywele. Rangi yake inashikamana na keratini, ile protini inayojenga unywele, na inabaki pale kama koti. Ndiyo maana wengi wakipaka hina safi nywele zinahisi nzito na imara zaidi. Lakini ndiyo maana pia hina haiwezi kukupa blondi. Inaongeza rangi, haitoi. Ukiwa na nywele nyeusi utaona wekundu ukisimama juani, basi.

Hapo ndipo penye njia panda ya historia nzima ya rangi za nywele, kwa hiyo shika hili. Kuna rangi inayoongezwa juu, na kuna rangi inayopatikana kwa kutoa ile uliyozaliwa nayo. Ya kwanza ni kama kuvaa nguo. Ya pili ni kubomoa ukuta. Mambo mengi yaliyowaliza watu yamo kwenye ile ya pili.

Venice: kukaa juani na kofia isiyo na kichwa

Tuje miaka ya 1500, mji wa Venice, Italia. Fasheni ilikuwa nywele za dhahabu, na wengi walizaliwa na za kahawia. Mchoraji mmoja wa mavazi, Cesare Vecellio, alitoa kitabu mwaka 1590 akaonyesha walichokuwa wanafanya. Juu ya mapaa kulikuwa na roshani za mbao zinaitwa altana. Wanawake wanapanda huko jua kali, wamevaa kofia inaitwa solana, ambayo ina ukingo mpana lakini haina sehemu ya juu. Nywele zinatolewa katikati kupitia lile tundu, zinatandazwa kwenye ukingo pande zote, uso unabaki kivulini. Kisha wanazilowesha kwa dawa yao, zinakauka, wanalowesha tena. Hivyo kwa masaa.

Majina ya wale wanawake hatuna. Tuna picha tu ya mmoja amekaa na kofia yake. Lakini angalia akili yao. Walizitandaza nywele ili kila sehemu ipate jua na dawa sawasawa. Walienda taratibu. Walijua nywele ndefu ukizirundika zitatoka madoa.

Hayo masomo mawili, kutandaza na kutokuwa na haraka, dunia iliyasahau ilipopata chupa.

Chupa zinafika

Mwaka 1818 mkemia wa Ufaransa, Louis Jacques Thénard, aligundua haidrojeni peroksaidi. Miaka karibu 50 ikapita kabla haijafika kichwani. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1867, mkemia mmoja wa London na msusi mmoja wa Paris wakawaonyesha watu kwamba peroksaidi inang'arisha nywele. Kilichochukua masaa juu ya paa la Venice sasa kinatoka kwenye chupa.

Inafanyaje kazi? Unywele una magamba nje, yamelaliana kama vigae vya paa. Ndani yake kuna melanini, ndiyo rangi yako. Dawa ya alkali kama amonia inayafanya magamba yafunguke, peroksaidi inaingia, inaivunjavunja melanini. Nywele nyeusi haziruki moja kwa moja kwenda dhahabu. Zinapita kahawia-nyekundu, chungwa, njano, halafu njano mpauko. Shosti yangu aliishia kituo cha chungwa, na fundi akataka kumfikisha mwisho wa safari siku hiyohiyo.

Chupa ya pili ni PPD, kemikali ambayo mwishoni mwa karne ya 19 ilianza kutumika kutia nywele rangi nyeusi na kahawia. Vipande vyake ni vidogo, vinapenya ndani ya unywele, vikishapigwa na peroksaidi vinaungana na kuwa vikubwa, haviwezi tena kutoka. Ndiyo rangi ya kudumu hiyo. Mwaka 1907 kijana mkemia wa Kifaransa, Eugène Schueller, akaanza kuwauzia wasusi wa Paris rangi yake. Mwaka 1909 akaandikisha kampuni ambayo jina lake kwa Kiswahili ni kama "Kampuni ya Kifaransa ya Rangi za Nywele Zisizo na Madhara". Leo unaijua kama L'Oréal.

Kwenye jina tu walishaahidi usalama. Maana yake watu walikuwa wameshaanza kuogopa.

Mama aliyepoteza macho

Na walikuwa na sababu. Mwaka 1933 Marekani iliuzwa rangi ya kope na nyusi inaitwa Lash Lure, ndani yake kuna kemikali ya familia hiyo ya PPD. Mama mmoja alipakwa ili apendeze kwenye shughuli. Akapofuka. Picha zake za kabla na baada zikawekwa kwenye maonyesho ya serikali, na zikasaidia kupitishwa kwa sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 1938.

Kwenye sheria ile, rangi za nywele za aina hii hazikupigwa marufuku. Zilipewa ruhusa kwa sharti: ziwe na onyo kwenye boksi na maelezo ya kujipima kwenye ngozi kwanza. Kile kikaratasi unachokitupa ukifungua boksi la rangi, kina asili yake pale. Kuna mtu alilipa kwa macho yake ili wewe uambiwe jaribu kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, subiri saa 48, ndiyo upake kichwa kizima.

Sasa hapa kwetu pwani kuna jambo. Piko. Yale maua meusi ya harusini yanayotoka haraka na kukolea, mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele wenye PPD. Ulaya sheria inataka PPD kwenye rangi ya kichwani isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na hairuhusu kuchorea ngozi. Kwetu unga unakorogwa kwa macho. Ngozi ikishaikataa PPD mara moja, mwili hausahau. Unaweza kuchorwa piko leo ukatoka malengelenge kidogo, yakapona, ukasahau. Miaka mitatu baadaye unapaka rangi nyeusi kichwani, uso mzima unavimba mpaka macho hayafunguki. Kama piko iliwahi kukuwasha, mwambie msusi wako kabla hajafungua boksi.

Kazi ya saluni inaingia bafuni

Mpaka hapo rangi ilikuwa kazi ya fundi. Miaka ya 1950 Clairol wa Marekani wakatoa bidhaa inayofungua nywele na kutia rangi kwa hatua moja, na mwaka 1956 wakaipigia kampeni kubwa kwa akina mama wa nyumbani. Tangazo lake liliandikwa na mwanamke, Shirley Polykoff, na lilikuwa linauliza tu kama yule dada anapaka au hapaki. Likapendwa kupita kiasi.

Sikatai, ilikuwa uhuru. Lakini fikiria, yule msusi alikuwa anakuona nyuma ya kichwa. Alikuwa anajua wapi aanze na wapi amalizie. Bafuni uko peke yako na kioo kimoja. Na boksi moja lililopimwa kwa nywele fupi, wewe unazo mpaka mgongoni.

Kwa nini ndefu zinatoka madoa

Sasa hili ndilo nililotaka kumwambia shosti yangu kabla hajaenda.

Unywele mrefu si kitu kimoja. Una umri tofauti. Nywele zinaota kama sentimita 1 kwa mwezi, na zetu za kipilipili mara nyingi chini ya hapo. Kwa hiyo nywele za sentimita 60 zina ncha iliyotoka kichwani zaidi ya miaka mitano iliyopita. Hiyo ncha imeshaona jua, chumvi ya bahari, vitana, rasta za kubana, labda na pasi. Magamba yake yamechakaa. Shina limezaliwa mwezi uliopita na liko karibu na ngozi yenye joto.

Weka dawa moja kwa wakati mmoja kwa hao wawili, hawawezi kujibu sawa. Kwenye blichi, joto la ngozi linaharakisha kazi, shina linawaka kabla ya katikati. Kwenye rangi nyeusi au kahawia, ncha zilizochakaa zinanyonya kupita kiasi, zinakuwa nyeusi kama wino, halafu zinakuwa za kwanza kuchuja.

Ndiyo maana mafundi wanaojua hufanya hivi:

- Nywele ambazo hazijawahi kuguswa, wanaanza katikati na kushuka kwenye ncha. Sentimita 2 au 3 za shina wanaziacha, wanazipaka mwisho.
- Nywele zilizokwisha pakwa, wanapaka shina jipya peke yake. Urefu unapitishiwa rangi dakika za mwishoni tu, au hauguswi kabisa. Kuivuta rangi mpaka chini kila mwezi ni kuzichosha ncha bure.
- Wanagawa kichwa mafungu manne, halafu wanachukua vipande vyembamba ambavyo unaweza kuona kitana upande wa pili. Wale wa Venice na kofia yao walikuwa wanafanya hivyohivyo.
- Wanachanganya dawa ya kutosha tangu mwanzo. Ikiisha ukakoroga nyingine, upande wa kulia una nusu saa na wa kushoto dakika kumi.
- Wanasoma namba kwenye chupa ya peroksaidi. Namba 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, 40 ni asilimia 12. Namba 40 kwenye ngozi ya kichwa ni kutafuta kidonda.
- Wanauliza historia. Ulishaweka dawa ya kulainisha? Basi blichi juu yake ni hatari, maana dawa ile nayo imeshavunja viungo vya unywele. Ulipaka hina ya pakiti? Baadhi zimechanganywa na chumvi za madini, zikikutana na peroksaidi zinaweza kutoa joto na kuunguza nywele palepale. Wanakata kipande kidogo cha nywele nyuma, wanakijaribu pembeni kwanza.

Na kama safari ni kutoka nyeusi kwenda dhahabu, inagawanywa. Leo unafika kahawia ya joto, unakaa nayo wiki kadhaa na tritimenti na kondishena nzito, ukirudi mnaendelea. Tangu mwaka 2014 kuna bidhaa za kusaidia kuunganisha viungo vilivyovunjika ndani ya unywele, na zinasaidia kweli. Ila hazifufui wafu. Nywele iliyoloa ikivutika kama mpira na kukatika, hakuna chupa ya kuirudisha. Ni mkasi.

Baada ya hapo ni maisha ya kawaida: maji ya uvuguvugu, kuosha mara chache, pasi pembeni, foronya ya satini, na kupunguza ncha kila baada ya miezi michache.

Turudi kwa shosti

Alinyoa. Akaacha sentimita kama 3, na mjue kafaa! Kwenye send-off akavaa wigi la rangi ileile ya dhahabu aliyoitaka. Kila mtu akalisifia. Akaniambia kila aliposifiwa alikuwa anataka kulia. Nikamsimulia yule dada wa Roma. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe kuna mtu ananielewa."

Nikawaza sana hapo. Siku hizi wasichana wengi mjini wanalipaka wigi rangi, zao wanazisuka chini zipumzike. Kile ambacho kwa Mrumi kilikuwa adhabu, sisi tumekifanya ujanja. Ni ujanja mzuri, sikatai. Tukumbuke tu kwamba hata nywele za wigi zimeota kwenye kichwa cha mwanamke fulani, sentimita moja kwa mwezi, na yeye pia jina lake hatulijui.

Lakini kama ni zako, na ni ndefu, na umezilea, zipe heshima ya umri wake. Shina na ncha si wa rika moja. Fundi akikwambia "tunamaliza yote leo", mwulize anaanzia wapi. Akikujibu kwenye ngozi, beba pochi yako.

Shosti yangu sasa zimefika sentimita 5. Juzi kaniuliza kuhusu hina.

Haya wadau, nani kati yenu zilishabaki kwenye taulo? Na ulifanyaje baada ya hapo? Tiririka hapo chini, jina si lazima.